Wahakiki wamelirudisha andiko langu: nitatenganishaje tiba na kupona kwa asili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na sehemu kubwa ya kazi yangu ni wagonjwa wa kiharusi. Niliandika andiko la kuomba ruzuku ya utafiti. Nilipanga kuchukua wagonjwa 40, wote wakiwa ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kiharusi, wapate tiba ya kioo (mgonjwa hutazama kwenye kioo mkono wake wenye afya ukisogea, kana kwamba ni ule uliopooza) pamoja na kichocheo cha umeme kwenye mkono uliopooza, dakika 45 kila siku ya kazi kwa wiki 6. Ningepima mkono kwa Fugl-Meyer, kipimo cha uwezo wa kusogeza viungo baada ya kiharusi, na maumivu ya bega kwa alama 0 hadi 10, kabla ya tiba na baada yake. Andiko limerudi. Wahakiki wanasema sitaweza kutenganisha athari ya tiba na kupona kwa asili, sampuli ni ndogo, na maumivu "hayajafafanuliwa". Lakini wagonjwa wangu wanapata nafuu, nawaona. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba. Wahakiki wako wamekutendea haki, na nafuu unayoiona ni ya kweli. Mambo hayo mawili hayapingani. Mtu aliyepata kiharusi wiki tatu zilizopita kwa kawaida anaendelea kupata nafuu. Anachotaka kujua mfadhili, na anachostahili kujua mgonjwa, ni kama nafuu hiyo ingekuja hata bila kioo chako na mashine yako ya umeme.

Tazama jaribio la FLAME lililofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 118 waliopooza upande mmoja waligawanywa kwa bahati nasibu siku chache tu baada ya kiharusi. Wengine walipewa fluoksetini, dawa ya sonona, na wengine kidonge kisicho na dawa. Wote waliendelea na fiziotherapia. Kufikia siku ya 90, waliopewa dawa walikuwa wamepanda kwa alama 34 kwenye Fugl-Meyer ya mkono na mguu, ambayo jumla yake ni 100. Waliopewa kidonge kitupu walipanda kwa alama 24. Zitafakari hizo 24 kabla ya kuendelea kusoma. Jaribio hilo lingekuwa na kundi moja, kama lako, alama zote 34 zingehesabiwa kuwa kazi ya dawa, ilhali zaidi ya theluthi mbili zilipatikana pia kwa watu ambao hawakuimeza.

Hata hizo 10 zilizobaki hazikuwa na mwisho mzuri. Jaribio la FOCUS la Uingereza liliwachukua wagonjwa 3,127 na kutoa matokeo mwaka 2018. Mwaka 2020 yakafuata AFFINITY na EFFECTS. Yote matatu hayakuona kwamba dawa hiyo inamrudishia mgonjwa uwezo wa kujitegemea, na waliopewa dawa walivunjika mifupa zaidi. Nakueleza haya kwa sababu FLAME lilikuwa jaribio lililopangwa vizuri, lenye kundi la ulinganisho na wapimaji wasiojua nani kapewa nini, na bado halikutosha. Andiko lako halina hata kundi la ulinganisho.

Katika wiki za mwanzo ubongo una kazi nyingi zinazoendelea bila sisi. Uvimbe unaozunguka sehemu iliyokufa unapungua. Chembe zilizokosa damu lakini zikanusurika zinaanza tena kufanya kazi. Maeneo ya mbali yaliyozimika kwa sababu tu yalikuwa yameunganishwa na sehemu iliyoharibika yanaamka, na neva zilizobaki zinachipua miunganisho mipya. Kasi hiyo ni kubwa zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ndiko hasa wiki zako 6 zilikoangukia. Kwa hiyo kipimo cha kabla na baada kitapanda karibu kwa vyovyote utakavyofanya, na hata tiba isiyo na faida yoyote ingeonekana ya ajabu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuwachukua wagonjwa waliokwisha kuvuka miezi sita, ambao mkono wao umetulia, ukawapima mara kadhaa kabla ya kuanza ili uthibitishe kwamba kweli umetulia. VNS-REHAB, jaribio la kuchochea neva ya vagasi huku mgonjwa akifanya mazoezi ya mkono, lilichapishwa mwaka 2021 na lilifuata njia hiyo: watu 108, wote miezi 9 au zaidi baada ya kiharusi. Waliochochewa walipanda kwa alama 5.0 kwenye Fugl-Meyer ya mkono, wenzao waliopata mazoezi yale yale na kichocheo cha kuigiza wakapanda kwa 2.4. Ona kwamba hata kwenye mkono uliotulia kundi la ulinganisho lilipanda. Mazoezi yenyewe yana kazi yake, na mtu anayejua kwamba anatazamwa hujitahidi zaidi.

Njia ya pili ni kubaki mwanzoni na kuweka kundi la ulinganisho lililopangwa kwa bahati nasibu. Mimi ningechagua hii. Jaribio la CPASS la Marekani, la mwaka 2021, liliwapa wagonjwa saa 20 za ziada za mazoezi ya mkono kwa nyakati tofauti: wengine ndani ya siku 30, wengine kati ya mwezi wa pili na wa tatu, wengine baada ya miezi 6. Mwaka mmoja baada ya kiharusi, waliofaidika zaidi walikuwa wale wa mwezi wa pili na wa tatu, karibu alama 7 zaidi ya kundi la ulinganisho kwenye ARAT, kipimo cha kazi za mkono kama kushika na kubana vitu, chenye alama 57. Wale wa mwezi wa kwanza walifaidika pia, ila chini kidogo ya hapo. Waliochelewa hawakupata tofauti ya kutegemeka. Jaribio lilikuwa dogo, watu 72 tu, lakini linakubaliana na yale ambayo wanyama wa maabara wametuonyesha kwa miaka mingi. Ukihamia kwa wagonjwa wa zamani ili kurahisisha takwimu, unajitoa kwenye kipindi ambacho huenda tiba ina nguvu zaidi. Ningekushauri tu usogeze kuanza kwako hadi mwisho wa mwezi wa kwanza, ili ufike mwezi wa pili ukiwa bado unatibu.

Kuhusu kundi hilo la ulinganisho, hapa ndipo maandiko mengi yanapoanguka mara ya pili. Usiandike "wataendelea na huduma ya kawaida" ukaishia hapo. Kundi lako la tiba linapata dakika 45 za ziada kila siku. Ukiona tofauti, huenda ni dakika zilizofanya kazi na kioo hakikuchangia kitu. Wape wenzao dakika 45 zile zile, mbele ya kioo kilichogeuzwa au kufunikwa, mienendo ile ile, mtaalamu yule yule. Halafu amua kama unachunguza kioo au umeme. Ukiviweka vyote upande mmoja hutajua kipi kimesaidia, na mtaalamu mwingine hatajua anunue kipi. Ningeuacha umeme kwa sasa. Ukiona lazima uwepo, wapewe wote, na andiko litaje masafa, upana wa mpigo, nguvu ya mkondo, misuli inayochochewa, na kama mgonjwa anajaribu kusogeza mkono wakati huo huo au amekaa tu. Tumia orodha ya TIDieR ya mwaka 2014, inayoongoza namna ya kueleza tiba kwa ukamilifu. Vipengele vyake 12 vitakukumbusha usichokiandika.

Jambo la pili la kulinda ni ulinganifu wa makundi kabla ya tiba. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mgonjwa anayeweza kunyoosha vidole kidogo na kuinua bega kwa pembeni ndani ya saa 72 ana uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi 6. Asiyeweza vyote viwili ana asilimia 25. Hebu fikiria una watu 20 kila upande na bahati nasibu ikawaweka wenye vidole vinavyonyooka 13 huku na 7 kule. Matokeo yako yamekwisha kuandikwa kabla hujafungua mlango wa chumba cha mazoezi. Wagawe kwanza kwa kipimo hicho, ndipo upange kwa bahati nasibu ndani ya kila fungu. Hakuna gharama yoyote, na mhakiki mzoefu atakitafuta.

Sasa sampuli. Fanya hesabu mwenyewe ili uone wahakiki wanaona nini. Tuseme unatumia ARAT, unataka kugundua tofauti ya alama 6, ambayo ni karibu na kiwango kidogo kabisa kinachohesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa, na mtawanyiko wa alama kati ya mgonjwa na mgonjwa, yaani mkengeuko sanifu, ni 15. Gawanya 6 kwa 15, unapata 0.4. Zidisha kwa yenyewe, 0.16. Gawanya 16 kwa hiyo, unapata watu 100 kila kundi, kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti kama ipo. Ukitumia alama za mwanzo za kila mgonjwa katika uchambuzi, na zikawa na uhusiano wa 0.7 na za mwisho, idadi hushuka hadi kama 51 kila kundi, kabla ya kuongeza watakaoacha njiani. Kwa watu 20 kila upande, bila marekebisho hayo, tiba yako ingehitaji kuleta tofauti ya alama zipatazo 13 ndipo uione kwa uhakika huo. Hakuna tiba ya mkono ninayoijua inayofanya hivyo.

Zaidi ya hapo, mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, kuhusu tiba ya kioo baada ya kiharusi yalikusanya tafiti 62 zenye washiriki 1,982. Ni wastani wa watu 32 kwa utafiti. Jumla yake inaonyesha kwamba kioo kinasaidia mwendo wa mkono kwa kiasi fulani. Dunia imeshauliza swali lako mara 62 kwa sampuli kama yako, na sidhani mara ya 63 italeta kitu kipya. Wagonjwa wanaojitolea muda wao wakiwa wamechoka na wana hofu wanastahili kuulizwa jambo ambalo jibu lake halijapatikana.

Maumivu. Hapa nadhani wahakiki wamekuwa wapole kuliko ilivyostahili. "Maumivu ya bega" baada ya kiharusi ni mkusanyiko wa hali tofauti: bega lililoachia kwa sababu misuli imelegea, kifuko cha kiungo kilichokakamaa, kano zilizochubuka kwa kuvutwa mkono wakati wa kumhamisha mgonjwa, ugonjwa wa maumivu changamani wa mkono wenye uvimbe na mabadiliko ya rangi na joto la ngozi, na maumivu yanayotoka kwenye ubongo wenyewe, hasa kiharusi kikigusa thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha hisia. Kioo kina sababu ya kibaiolojia ya kusaidia lile la maumivu changamani. Sioni kitafanyaje kazi kwa kifuko kilichokakamaa. Ukizichanganya, anayeweza kusaidika atamezwa na wengine wote. Chagua hali moja, tumia vigezo vya utambuzi vya Budapest kama umechagua maumivu changamani, na eleza unapima lini: akiwa ametulia, usiku, au unapouzungusha mkono kwa nje.

Kuna mitego miwili mingine. Ukiwachukua walioumia kwa alama 4 na kuendelea siku ya kuandikishwa, wengi umewakamata siku yao mbaya. Watashuka kuelekea wastani wao bila tiba yoyote, na ni kundi la ulinganisho pekee litakalokuonyesha hilo. Pia wagonjwa waliopoteza lugha au wasiotambua upande mmoja wa mwili hawawezi kutumia mstari wa kulala wenye namba. Weka mstari wa kusimama, au nyuso, na mfundishe mpimaji. Ukiwaondoa kwa sababu kuwapima ni kugumu, umewaondoa watu walio katika hatari kubwa ya kuumia bila kusikika, na jambo hilo linaniuma kila ninapoliona kwenye andiko.

Na futa sentensi ya "hakuna madhara yanayotarajiwa" kama umeiandika. Jaribio la AVERT la mwaka 2015 liliwachukua wagonjwa 2,104 likitegemea kwamba kuwainua mapema na mara nyingi, kuanzia ndani ya saa 24, kutawasaidia. Waliopona vizuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46 kwa waliopewa mpango huo, na asilimia 50 kwa huduma ya kawaida. Mazoezi ni dozi, na dozi huweza kuzidi.

Ningekushauri uombe nini, basi? Baki na watu 40, lakini badilisha swali. Omba fedha za utafiti wa majaribio ya awali, wenye makundi mawili yaliyopangwa kwa bahati nasibu, usiodai kuthibitisha kwamba tiba inafanya kazi. Unachopima ni kama jaribio kubwa linawezekana: ni wangapi kati ya wanaostahili wanakubali, ni dakika ngapi kati ya 45 zinafanyika kweli, mgonjwa anarudia tendo mara ngapi ndani ya kipindi kimoja, wangapi wanarudi kupimwa baada ya miezi 6. Weka tangu sasa viwango vya kuendelea au kuacha. Kwa mfano, wakikubali chini ya nusu, au wakikamilisha chini ya robo tatu ya vipindi, hutaendelea mpaka ubadilishe mpango. Sajili itifaki, yaani mpango kamili wa utafiti, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Kwenye bajeti, mshahara wa mpimaji huru utangulie kabla ya kununua kifaa chochote. Mpimaji huyo asijue mgonjwa yuko kundi gani, na asiwe wewe. Usije ukachukua tofauti utakayoiona kwa watu hao 40 ukaitumia kukokotoa sampuli ya jaribio kubwa, itayumba mno. Tumia alama 6 zenye maana kwa mgonjwa, na kutoka kwenye utafiti wako chukua mtawanyiko tu, kwa tahadhari.

Katika barua ya kuwajibu wahakiki, kubali hoja ya kupona kwa asili kwenye aya ya kwanza, taja kundi la ulinganisho na mgawanyo wa vidole na bega kwenye ya pili, na uondoe maneno "kuthibitisha ufanisi" kwenye kichwa cha andiko.