Jini na "genie": wanafanana sura, nasaba mbalimbali

Swali: Ustadhi, shikamoo. Binti yangu wa darasa la sita kanibishia kwamba neno "jini" tumelitoa kwenye Kiingereza, maana yule anayetoka ndani ya taa katika katuni huitwa "genie". Mimi najua ni Kiarabu. Nani mkweli? Na tuseme majini haya au majini hawa? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Mkweli ni wewe, ila usimcheke mtoto, kwani maneno hayo mawili yamewababaisha hata watu wazima.

"Jini" ni la Kiarabu. Waarabu husema *jinn* kwa jamii nzima ya viumbe hao, na mmoja wao ni *jinni*. Sisi tulimchukua huyo mmoja, kisha tukamtafutia wingi kwetu wenyewe kwa kumvisha ma-: majini. Mzizi wake ni j-n-n, wenye maana ya kufunika au kusitiri, kwa kuwa jini ni kiumbe asiyeonekana. Mzizi huohuo umezaa *janin*, mtoto aliyesitirika tumboni. *Majnun*, aliyefunikwa akili, ambaye kwetu ni majununi. Na *janna*, bustani iliyofunikwa na miti, yaani Peponi. Hapo mimi huwa nacheka peke yangu. Waarabu wana jini na janna kwa mzizi mmoja, nasi tuna pepo anayempanda mtu na Pepo tunayoiomba kila siku, bila kuigana.

Hatukuazima peke yetu. Waturuki wana *cin*, Wamalei wana *jin*, Wahausa wana *aljani*, ambao walimbeba pamoja na al- yake ya Kiarabu.

Sasa huyo "genie". Kiingereza kilimpata kutoka Kifaransa *génie*, na Kifaransa kutoka Kilatini *genius*, roho ambayo Warumi wa kale waliamini humlinda mtu tangu kuzaliwa. Neno hilo lilikuwapo Ulaya zamani sana, wala halikuwa na uhusiano na Uarabuni. Kuanzia mwaka 1704 Mfaransa Antoine Galland alipochapisha tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, alimkuta *jinni* katika hadithi, akaona kwake lipo neno linalokaribiana naye kwa sauti na hata kwa maana. Akalitumia. Basi, kanzu ni ya Mwarabu, aliyeivaa ni Mrumi.

Na ukifuata nasaba ya *genius*, unafika kwenye mzizi wa kuzaa na kizazi. Mzizi huo Wagiriki wanao katika *genos*, ambalo Waarabu waliliazima likawa *jins*, nasi tukapata jinsi na jinsia. Kwa hiyo mwambie binti yako kwamba "genie" wa katuni, kwa damu, ni jamaa ya jinsia kuliko jini! (Jinai nayo haimo humu, hiyo ina mzizi wake.)

Kuhusu upatanisho, jini ni kiumbe mwenye uhai, kwa hiyo Kiswahili sanifu humpatanisha kama mtu au mnyama: jini huyu mkubwa amekuja, majini hawa wakubwa wamekuja. "Majini haya" usiandike kwenye mtihani. Lakini mtu akisimulia usiku barazani akasema "jini lile likasimama mlangoni", simsahihishi. Amelikuza ili litishe, na wahenga walifanya hivyohivyo: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Ukisema "zimwi akujuaye", methali yote inapoa.

Jambo moja hukuliuliza, ila kwa mtu wa pwani kama wewe lina maana. Majini hawa na majini ya "ndani ya maji" (maji + -ni) huandikwa sawa na hutamkwa sawa. Kinachotuokoa ni sarufi: kiumbe hapokei -ni ya mahali, kwa hiyo lazima atanguliwe na "kwa" au "na". Aliyeingia majini ameloa. Aliyeingiwa na majini anatafutiwa mganga.