Barua kwa mwanangu aliye Moncton, Canada

Mwanangu mpendwa,

Hapa Bukavu sote wazima. Umeuliza mjukuu wangu aanze shule ya Kifaransa au ya Kiingereza. Sikia kwanza habari ya mji mnaokaa.

Robert Monckton, aliyepewa mji huo jina lake, ndiye ofisa wa Kiingereza aliyeiteka ngome ya Beauséjour mwaka 1755, kisha akashiriki kuwafukuza Waakadia, wasemaji wa Kifaransa wa huko. Wazee wao walitoka Ufaransa karne ya 17. Walijenga matuta kuzuia bahari, na chini ya tuta wakapitisha mfereji wa mbao wenye kilango: maji yakijaa kinajifunga, yakipwa kinafunguka, maji ya mvua yanatoka. Walipokataa kula kiapo cha utii bila masharti, nyumba zilichomwa, wakapakiwa merikebuni. Waliorudi baadaye hawakuwa na serikali ya kuwatetea. Lugha ilikaa jikoni. Nimekuimbia tangu utotoni: lugha hukaa jikoni. Leo mjini humo kuna chuo kikuu cha Kifaransa, tangu 1963, tena kina jina la Monckton huyohuyo!

Lakini Waakadia waliohamia Louisiana, Marekani, nao walikuwa na majiko. Katiba ya 1921 ilipoamuru shule zifundishe kwa Kiingereza, watoto waliadhibiwa kwa kusema Kifaransa, wakakua wakiona haya kuwasemesha watoto wao. Kwa hiyo jiko halitoshi? Na Wami'kmaq, wenye nchi kabla ya hao wote, lugha yao nani aliitetea?

Mimi Kifaransa hichohicho nilikipata kwa kibao. Unajua habari hiyo, ila hujui yote. Aliyesema Kiswahili shuleni alivishwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amnase mwingine. Siku hiyo alikuwa nacho baba yako mdogo. Akaruka akishika mguu, analia. Nikapiga kelele, "Siafu? Wapi?" Akanivisha palepale, na viboko vya jioni nikavila mimi. Hadi leo akisimulia anacheka. Mimi sicheki.

Halafu lugha hiyohiyo ya viboko ndiyo iliyokulisha na kukufikisha Canada. Sasa niseme nini?

Shule mtachagua wenyewe, wewe na mama watoto. Ningekuwa mimi ningempeleka... la, nimeshasema siingilii. Ila jikoni kwenu nina neno. Jumapili iliyopita nimemwamkia mtoto kwenye simu, akasema "allô", kisha kimya. Nitapiga tena Jumapili hii, saa ileile.

Baba yako