Riwaya Nilizoziacha Njiani

Kwa miaka mingi nilipoulizwa kama nimesoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi nilijibu, "Naam, kazi nzito ile," kisha nikageuza mazungumzo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefika ukurasa wa 17. Kitabu chenyewe ni chembamba, cha kusahauliwa mfukoni mwa koti, na kilikuwa kimenishinda mara mbili. Kusema hivyo niliona haya. Sisi wasomaji tuna unafiki wetu: tunaikubali hadharani riwaya tuliyosinzia juu yake, na ile iliyotukesha tunaificha chini ya mto.

Siku hizi nina penseli. Riwaya ikinichosha, ndani ya jalada la nyuma naandika ukurasa niliofikia na sababu, maneno yasizidi kumi, kisha kitabu kinarudi rafuni. "Uk. 41, mvua haiishi." "Uk. 88, wahusika wote wanaongea kama mhadhiri mmoja." "Uk. 12, nina usingizi." Hiyo ya mwisho si kosa la mwandishi, na hapo ndipo faida ilipo. Ukirudi baada ya mwaka mmoja au miwili unaona wazi nani alikuwa na kosa, wewe au kitabu.

Kwa Nagona niliandika: "Sijui nani anasema." Niliporudi mara ya tatu nikagundua kwamba nilikuwa nikiitafutia msuko wa Rosa Mistika, riwaya ya mwandishi huyohuyo ya mwaka 1971, ambayo inakukamata tangu ukali wa baba mlevi kwa binti yake na haikuachii hadi mwisho ule mchungu. Nagona ilitoka mwaka 1990, na Kezilahabi alikuwa ameshaiacha njia hiyo zamani. Basi nikaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma shairi refu asiloombwa kulifafanua. Nikaimaliza usiku uleule. Niliielewa? Nusu, labda. Ushauri wangu kwa riwaya za namna hii ni huo tu: ukikwama, jaribu sikio kabla hujaitupa. Na ukiitupa bado, sema umeitupa.

Riwaya za upelelezi zilinifundisha kwa ajali. Niliwahi kupewa nakala kuukuu, jalada limeliwa na mende, nikaisoma kwa pupa hadi mpelelezi alipowakusanya washukiwa wote sebuleni. Akasimama. Akakohoa. Nikafungua ukurasa unaofuata, hakuna ukurasa unaofuata. Karatasi mbili za mwisho zilikuwa zimechanwa, labda na mtu aliyekuwa akitafuta cha kuwashia moto. Siku tatu nilirudi nyuma nikiokota dalili: nani alikuwa na ufunguo, nani alisema hajui kuogelea. Nikamkamata muuaji wangu na nikajivunia. Baadaye nilipopata nakala nzima nikakuta kwamba muuaji wa mwandishi ni mtu aliyetajwa mara moja tu, akipita mlango wa jikoni na sinia mkononi. Sijawahi kukasirikia karatasi namna ile.

Tangu hapo mizani yangu ni moja. Mwandishi wa upelelezi ana ruhusa ya kunizuga, hana ruhusa ya kunificha. Agatha Christie alipotoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926 walikuwapo wasomaji waliolalamika kwamba amewachezea rafu. Mimi niko upande wake. Rudi mwanzoni ukishajua jibu, utaona kila kitu kilikuwa mezani, sentensi kwa sentensi, na wewe ndiye uliyekuwa ukitazama pembeni. Kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, nitasema jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu: fumbo lake halikunikosesha usingizi. Ila ningeisoma tena kesho kwa ajili ya mazungumzo. Mpelelezi wake, Bwana Msa, akiwa na kiko chake, watu wakitupiana maneno kwa Kiswahili kilichonyooka kama uzi, kwangu hiyo inatosha. Upelelezi ni kisingizio cha kukaa nao barazani.

Za kijasusi nazipenda kwa safari ndefu tu. Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, hana muda wa kupumua na wewe huna muda wa kuuliza maswali. Ukizisoma tatu mfululizo, hata hivyo, unaanza kuchoka na ulimwengu ambamo kila mwanamke anayeingia chumbani ni mrembo na ana siri.

Sasa mapenzi. Hapa naomba radhi kwa vitabu nilivyovisoma nikiwa nimevifunika kwa gazeti. Watu wanaidharau riwaya ya mapenzi bila kuigusa, kisha wanatoa machozi kwenye tamthilia za televisheni. Mimi siidharau, ila nina ugomvi nayo, na ugomvi wenyewe ni juu ya kizuizi. Riwaya mbovu ya mapenzi ina wapenzi wawili wanaotenganishwa na jambo ambalo lingekwisha kwa sentensi moja. "Yule uliyeniona naye ni dada yangu." Basi! Lakini hakuna anayeisema sentensi hiyo kwa kurasa 200, na mimi nabaki kukipigia kitabu kelele.

Linganisha na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmini ameozwa angali binti mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Anatoroka. Anampenda Denge, na Denge yuko vitani na serikali ya kikoloni, kwa hiyo kila anapobisha hodi huenda askari wako nyuma yake. Utamaliza hilo kwa sentensi gani? Kila mara mimi husoma kurasa 30 za kwanza za riwaya ya mapenzi kisha najiuliza kinachowazuia hawa watu ni nini hasa. Nikikuta ni ububu wao tu, penseli inafanya kazi.

Kuna wanaoniambia kwamba Kiswahili hakina bunilizi za ajabu, za sayari na nchi zisizokuwapo. Huwa nawauliza Kusadikika iko wapi. Shaaban Robert aliiweka nchi hiyo angani mwaka 1951! Na katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani ndani ya chombo, na jina la kitabu ukilitamka taratibu linakutazama machoni: wale ni sisi. Lakini ukweli usemwe. Kusadikika ina hotuba nyingi. Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku, na nilipofika kwa mjumbe wa nne nilikuwa nimeshajua atarudi na wazo jema na atafungwa. Nilipoanza kusoma mjumbe mmoja kila usiku, kitabu kilibadilika. Kilikuwa kinataka mapumziko, mimi nilikuwa nakimeza.

Za kutisha sina mengi ya kusema. Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, inaanza kwa kurasa bora kabisa, zile za mgeni ndani ya kasri, kisha katikati inajaa mikutano ya watu wanaopanga mipango. Niliisoma ile ya kasri mara mbili na mikutano nikairuka. Za kihistoria nazo zinanipoteza pale mwandishi anapotaka nione utafiti wake wote. Kuli, ya Shafi tena, haina tabia hiyo. Mgomo wa makuli wa mwaka 1948 unaufikia ukiwa umeshachoka mgongo pamoja na Rashidi.

Jambo moja la kutendea kazi. Mtu akikusifia riwaya, usimuulize kama ni nzuri, maana atasema ndiyo. Muulize alilala saa ngapi siku aliyoianza, au ni wapi aliiweka chini na kwa nini. Rafiki yangu mmoja aliisifu riwaya moja nene kwa dakika kumi, nikamuuliza hivyo, akanyamaza kidogo, akasema, "Bado niko sura ya tatu, tangu Ramadhani iliyopita."

Nami sasa ninayo hiyohiyo nene, amenikopesha. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja, na wajukuu wamepewa majina ya mababu. Niko ukurasa wa 112, nimechora mti wa ukoo kwenye karatasi ya pembeni, na jana usiku nilimzika mtu ambaye leo asubuhi nimemkuta anaoa.