Swali Nililolizima

Binti yetu tulimwasili, yaani tulimchukua kisheria kuwa mwanetu, akiwa na umri wa miaka minne. Katika juma la kwanza nilikuta vipande vya mkate vimefichwa chini ya mto wake. Nikavitupa na kumweleza kwa upole kwamba chakula kipo, lakini kesho yake vilikuwa vimerudi. Nilichelewa kuelewa kwamba mtoto aliyewahi kulala na njaa hatulizwi kwa maneno. Tulimwekea kopo lenye mfuniko kando ya kitanda, tukahakikisha halikai tupu, na baada ya miezi kadhaa akalisahau mwenyewe.

Hilo lilikuwa jepesi. Gumu lilikuja siku moja nikimsuka, aliponiuliza kama mama aliyemzaa alijua kusuka. Nilimjibu kwa haraka, "Mama yako ni mimi." Hakulia wala hakubisha, na kwa karibu mwaka mzima hakumtaja tena, nami nikajidanganya kwamba ametulia, kumbe alikuwa amejifunza kuuficha msiba wake ili asiniumize.

Mtoto anayemlilia mama wa kwanza hamkatai wa pili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unatambua haki yake ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba ameasiliwa, kwa maneno ya umri wake, na usipolijua jambo, usilitungie hadithi. Jihadhari pia na kauli kwamba mama yake alimtoa kwa sababu alimpenda mno, kwani mtoto anaweza kuhitimisha kuwa kila ampendaye atamwacha. Ndugu wanaomwambia kila mara kwamba ana bahati nao waombwe waache, maana wanamtwika deni la shukrani ambalo watoto wengine hawadaiwi.

Mzazi naye huelemewa. Mimi nililia chooni nikiona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimepata nilichokiomba kwa miaka. Nilipokwenda kwa mshauri nasaha ndipo nilipopunguza kuyachukulia maswali ya mwanangu kama hukumu.

Swali lile nililirudisha mwenyewe, tukiwa tena na kitana mkononi. Nilimwambia kwamba sijui kama mama yake alijua kusuka, nikamuuliza yeye anaonaje. Alifikiri kidogo, akasema, "Nadhani alijua. Wewe unavuta sana."