Tabo kubwa au ndogo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Vitz ya injini ya 1NZ-FE, lita 1.5. Nauziwa tabo (turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) ya lori kwa bei nafuu. Nataka gari liitike upesi nikipanda daraja la Nyali. Niichukue? — Msomaji, Kongowea, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiichukue, hata ukipewa bure. Tabo kubwa ina feni nzito, na moshi wa injini ndogo hauna nguvu ya kuizungusha mapema. Utakanyaga mafuta, utangoja, na nguvu ikija ushamaliza daraja. Mimi niliwahi kujifungia moja hivyo. Pale mzunguko wa Makupa kila matatu ilinipita. Niliivua wiki ile ile.

Tafuta tabo ndogo aina ya TD04, jamii ya zile zilizofungwa kwenye Subaru Impreza WRX nyingi, au ndogo zaidi. Lakini sikiliza: injini yako tayari hubana hewa sana, mgandamizo wa 10.5 kwa 1, na joto letu la Februari walijua. Hewa ya moto hulipua petroli kabla ya wakati na kugongesha pistoni. Kwa hiyo kipoza hewa inayotoka kwenye tabo (intercooler) ni lazima, na hata msukumo mdogo wa tabo wa 0.4 bar usiuguse kabla ya kuweka nozeli kubwa za petroli na kupanga upya kompyuta ya injini.

Oili nayo ibadilishe mapema. Ndiyo inayolainisha tabo.