Bad Brains: walijua vyombo kwanza, kasi ikaja baadaye

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli kulikuwa na bendi ya Marasta weusi wa Marekani waliopiga hadikoo, yaani panki, ile roki ya kelele na hasira, iliyoongezwa mwendo mpaka wimbo unaisha hujakaa vizuri. Pili, kuna mchangiaji amesema huo ni muziki wa watu walioshindwa kujifunza gitaa, ukataka kujua kama ana haki. La kwanza jibu ni ndiyo: wanaitwa Bad Brains, wa Washington. La pili nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu na mimi niliwahi kuamini hivyo hivyo, tena wakati huo nilikuwa nimeshapiga besi kwenye bendi ya dansi Dar miaka kadhaa.

Nilihamia Maryland mwaka 2001. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa ya usiku, kulinda maegesho ya magari ya ghorofa pale Silver Spring. Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee mmoja mweusi, mzaliwa wa Washington, mtu wa maneno machache. Usiku mmoja wa baridi kali akatumbukiza kaseti kwenye redio ya kibandani. Jalada lake lilikuwa na rangi za Rasta, na mchoro wa jengo la Bunge la Marekani likipigwa radi kwenye kuba. Wimbo wa kwanza, "Sailin' On", ukaisha chini ya dakika mbili. Nikamwomba azime. Hakuzima. Akaniambia niache kusikiliza gitaa, nisikilize besi.

Nikasikiliza. Kesho yake nikarudi nyumbani na ile kaseti, nikachukua besi yangu na kujaribu kuifuata. Mkono wa kulia ulikaza kabla sijafika katikati ya wimbo, vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Na kasi peke yake siyo iliyonishinda. Darryl Jenifer, mpiga besi wao, anapiga kwa mwendo ule na bado kila noti imekatwa safi, hakuna inayoburuzwa, na anapogeuka bendi nzima inageuka naye kwa pigo moja.

Sisi wa dansi tumezoea kupanda taratibu. Mwimbaji anaeleza kisa chake, magitaa yanajibizana, halafu ndipo mnaingia chemko na watu wananyanyuka. Hawa wanaanza ndani ya chemko na kuishia humo humo. Aliyewahi kukaa jukwaani anajua kwamba ukiingia chemko bila kupasha moto, mpiga dramu ndiye anayechoka kwanza, na akichoka yeye wote mmeanguka. Earl Hudson hachoki.

Siri nilikuja kuijua baadaye. Kabla ya kuwa Bad Brains, katikati ya miaka ya 1970, vijana hawa walikuwa na bendi iliyoitwa Mind Power, na walikuwa wanapiga jazi iliyochanganywa na roki na fanki, ule muziki wa kina Return to Forever na Mahavishnu Orchestra. Huo ni muziki wa kuhesabu mapigo yasiyo ya kawaida, wa kukaa na gitaa mpaka usiku wa manane. Walikuwa wanne: Paul Hudson, ambaye ulimwengu unamjua kama H.R., kifupi cha Haki za Binadamu kwa Kiingereza. Mdogo wake Earl kwenye dramu. Jenifer kwenye besi. Na Gary Miller, anayeitwa Dr. Know, kwenye gitaa. Rafiki yao Sid McCray ndiye aliyewaletea rekodi za panki, na mwanzoni aliimba nao. Jina la bendi wakalichukua kwenye wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York.

Kwa hiyo mtu anayesema walishindwa kujifunza amegeuza mambo. Panki nyingi ya Uingereza na New York ilipigwa na watu waliojua kodi tatu za gitaa na wakaona zinatosha, nami siwalaumu. Hawa wanne walitoka upande wa pili. Walijua mengi, wakachagua kuyapunguza na kuyabana kwenye dakika moja na nusu. "Pay to Cum", wimbo wao wa kwanza kutoka kwenye santuri, mwaka 1980, una urefu wa kama hivyo. Usikilize mara tano mfululizo utaona kuna mabadiliko mengi ndani yake kuliko nyimbo nyingi za dakika sita.

Hapa nyumbani neno panki tunalijua kama mtindo wa kunyoa. Ule unyoaji ulitokana na mashabiki wa muziki huu, ila wenyewe Bad Brains waliishia kufuga rasta.

Urasta waliupata baada ya kumwona Bob Marley jukwaani kwao. Lakini kabla yake kulikuwa na kitu kingine kilichowashika, nacho ni PMA, kifupi cha Kiingereza cha mtazamo chanya wa akili. H.R. aliupata kwenye kitabu cha Napoleon Hill cha mwaka 1937 kuhusu kufikiri na kutajirika, ambacho baba yake alimpa. Wengi wa panki walikuwa wanaimba kwamba hakuna kesho. Yeye akasimama mbele ya umati ule ule uliojaa hasira akaimba "Attitude", kwamba hata wakimfanya nini, mtazamo wake hawaubomoi. Mimi nilikuwa mhamiaji bila makaratasi ya kueleweka, nalala mchana, nafanya kazi usiku, na bosi mmoja ananikata saa zangu bila maelezo. Wimbo wa dakika moja na kitu ulinishika kuliko mahubiri. Nauweka mpaka leo kabla ya kwenda kwenye jambo gumu.

Sasa fikiria Washington ya wakati ule. Vijana weusi walikuwa na muziki wao, go-go ya Chuck Brown, wenye ngoma nzito na kuitikiana, na ndio uliojaza kumbi. Panki ilikuwa mambo ya watoto wa Kizungu. Hawa wanne, waliotoka upande wa Prince George's, wilaya ya Maryland inayopakana na Washington, wakajikuta hawana mahali palipotengwa kwa ajili yao, wakapiga popote: ndani ya nyumba, kwenye jengo la wasanii lililoitwa Madams Organ, hata kwenye makazi ya serikali ya Valley Green, ambako walipeleka panki kwa majirani weusi ambao hawajawahi kuisikia. Kumbi za mjini zikaanza kuwakataa moja baada ya nyingine kwa sababu ya fujo za mashabiki. Hapo ndipo ulipotoka wimbo "Banned in D.C.", kwamba wamepigwa marufuku mjini kwao. Uingereza nako walijaribu kwenda, wakarudishwa mpakani. Wakahamia New York, na ukumbi wa CBGB ukawa kama nyumbani.

Waliowaacha nyuma Washington hawakuwasahau. Ian MacKaye, aliyekuja kuanzisha bendi ya Minor Threat, na Henry Rollins, aliyekuja kuwa mwimbaji wa bendi ya Black Flag, wote walikuwa vijana wadogo waliosimama mbele kabisa kwenye maonyesho yao na kutoka wamebadilika. Kwa hiyo hadikoo ya Washington, ambayo leo inasimuliwa kama hadithi ya vijana wa Kizungu, ilijifunza mwendo wake kwa Marasta hawa.

Ile kaseti ya mzee ilitoka mwaka 1982 kupitia lebo ya ROIR, ambayo ilikuwa inatoa kaseti tu. Ina nyimbo 15. Katikati ya moto ule wanaweka rege: "Jah Calling", "Leaving Babylon", na "I Luv I Jah" inayopita dakika sita. Mara ya kwanza nilidhani ni mapumziko ya kuvuta pumzi. Siyo hivyo. Mpiga besi wa rege kazi yake ni kujua wapi asipige. Jenifer anayejua kunyamaza kwenye "Leaving Babylon" ndiye anayeweza kukata noti safi kwenye "Sailin' On". Mkono ni ule ule. Mimi nilikuja kupona ule mkono wangu uliokaza kwa kupiga rege zao kwanza, polepole, majuma kadhaa, ndipo nikarudi kwenye zile za kasi.

Kama unataka kuona kwa macho, tafuta video iliyopigwa CBGB Krismasi ya 1982. Kuna pahali H.R. anaimba kama aliyepandwa na pepo, anatetemeka, anakimbia, watu wanaruka kutoka jukwaani, lakini tazama miguu ya Jenifer na uso wa Dr. Know. Wametulia. Wanafanya kazi.

Baada ya hapo ukifika albamu ya "Rock for Light" ya 1983, iliyosimamiwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, utakuta nyimbo nyingi za kaseti zimerudiwa. Mimi naipenda kaseti zaidi. Halafu kuna "I Against I" ya 1986, ambayo mwendo umepungua, fanki na metali zimeingia, na sauti ya H.R. imekuwa kitu kingine kabisa. Wimbo "Sacred Love" aliuimba kwa simu akiwa gerezani kwa kesi ya bangi, na ile sauti nyembamba ya waya wa simu ndiyo unayoisikia kwenye rekodi.

Siwezi kukusifia tu nikakuficha mabaya. Mwaka 1982 walipofika Austin, Texas, waligombana na bendi ya Big Boys, ambayo mwimbaji wake alikuwa shoga, na wakamtendea kwa chuki waliyoifunika kwa jina la dini. Wenzao wengi wa panki waliwasusa, na walikuwa na haki. Walikuwa wamefungiwa milango kwao kisha wakamfungia mwenzao. Miaka mingi baadaye Jenifer alilizungumzia lile kwa majuto. Linaniuma kila nikisikiliza "Attitude", na nadhani linapaswa kuniuma.

Bendi ilivunjika na kuungana mara nyingi, hasa kwa sababu ya H.R. kuondoka na kurudi. Mwaka 2007 walitoa "Build a Nation", iliyosimamiwa na Adam Yauch wa kundi la Beastie Boys, ambaye alikua akiwatazama. Mwaka 2015 Dr. Know aliumwa moyo mpaka watu wakakata tamaa, akapona. H.R. alisumbuliwa na maumivu ya kichwa ya aina adimu na akafanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 2017. Rekodi zao za asili wamezirudisha mikononi mwao, na tangu 2021 zinatolewa upya, kwa hiyo ukinunua sasa hela inawafikia.

Anza na kaseti ya 1982, mkuu, siku hizi ipo kila mahali mtandaoni. Isikilize nzima bila kuruka rege. Yule mchangiaji naye, kama ana besi nyumbani, aichukue ajaribu "Sailin' On" mpaka mwisho, kisha arudi hapa atuambie mkono wake umeishia wapi.