Kalamu imesema almasi, cheti kinasema ya maabara: nani mkweli?

SWALI: Habari kaka. Mchumba wangu alinivisha pete, jiwe la kati karati moja na vidogo vidogo pembeni. Juzi nimeipeleka kwa sonara aipunguze, akaligusa lile jiwe na kikalamu chake kikalia, akasema "dada hii almasi kabisa". Kurudi nyumbani nasoma cheti vizuri naona kimeandikwa imetengenezwa maabara kwa njia ya CVD. Sasa kikalamu kimedanganya au cheti? Na je, tumepigwa?

JIBU: Salama dada yangu, na hongera kwa pete. Hakuna aliyedanganya hapo, kikalamu na cheti vimeulizwa maswali mawili tofauti na kila kimoja kimejibu la kwake.

Anza na kikalamu. Ile ncha yake ina joto kidogo, ukiigusisha kwenye jiwe inachopima ni joto linanyonywa haraka kiasi gani, basi. Almasi inapitisha joto kama mara tano ya shaba, ndo maana ukiiweka mdomoni unaisikia ya baridi, na kioo au zirkonia, lile jiwe la bei rahisi linaloigiza almasi, hazifui dafu hapo, kikalamu kinakaa kimya. Sasa almasi ya maabara ni kaboni ileile, imejipanga vilevile, ugumu ni 10 uleule, ndo mwisho wa kipimo cha ugumu wa mawe, inavyopinda mwanga ni vilevile, kwa hiyo kikalamu kitalia tu. Kinajua hii ni almasi, hakijui imetoka wapi. Na hata hapo kwenye kujua kuna mmoja anakipiga chenga, moisanaiti, jiwe lingine linalofanana na almasi lakini siyo almasi, nayo inapitisha joto vizuri mno. Mi mwenyewe nilipoanza kazi niliwahi kumtangazia mteja kwa mbwembwe kwamba jiwe lake ni almasi, mzee wangu wa kazi akalichukua, akaliinamisha kidogo chini ya lenzi, akanirudishia bila kusema neno. Nikaangalia: kingo za nyuma za jiwe zinaonekana mbilimbili, kama mtu anayeona maluweluwe. Almasi haifanyi hivyo, moisanaiti ndo inafanya. Toka siku hiyo kikalamu kwangu ni cha kuanzia kazi, sio cha kumalizia.

Jiwe lako limetengenezwaje? Wanachukua kipande chembamba cha almasi kama mbegu, wanakiweka kwenye chumba kidogo kilichotolewa hewa, wanaingiza methani kidogo na hidrojeni nyingi, halafu wanapiga maikrowevu mpaka gesi inakuwa plazma inayong'aa, methani inavunjika na kaboni inaanza kutua juu ya ile mbegu tabaka kwa tabaka, wiki kadhaa mpaka unene utoshe kukata jiwe. Hiyo ndo CVD. Njia nyingine utakayoiona kwenye vyeti ni HPHT, hiyo ni ya nguvu, inaiga mazingira ya chini ya ardhi: kaboni inayeyushwa ndani ya chuma na nikeli kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,300 na mgandamizo wa zaidi ya mara 50,000 ya hewa tunayovuta. Kampuni ya Marekani ya General Electric waliipata hiyo Desemba 1954 kupitia kwa mkemia wao Tracy Hall, wakatangaza 1955, ila zile za mwanzo zilikuwa vijichembe vya kusagia na kukatia vyuma, hakuna ambaye angekuvisha. Za ardhini zenyewe zimetengenezeka kilomita 150 na zaidi chini, nyingi zina umri wa kuanzia miaka bilioni moja mpaka zaidi ya tatu, zikapandishwa juu na volkano, kwenye mwamba tunaouita kimberlaiti.

Na huo umri ndo unaotusaidia sisi kuzitofautisha. Almasi ikikaa chini muda wote huo, nitrojeni iliyomo ndani inapata nafasi ya kusogea taratibu na kujikusanya vikundi vikundi, na hivyo vikundi vinaonekana kwenye mashine kwa jinsi vinavyokula mwanga. Takriban asilimia 95 ya almasi za ardhini ziko hivyo. Ya maabara ina wiki tu, nitrojeni haina muda wa kujikusanya, na nyingi zile nyeupe hazina nitrojeni ya maana kabisa. Kwa hiyo mashine ya kuchuja inatafuta ile nitrojeni, ikiikosa haisemi "feki", inasema peleka mbele. Maana kuna chache za ardhini nazo hazina, Cullinan ile ya karati 3,106 iliyookotwa Afrika Kusini 1905 ni mojawapo, ungeiweka kwenye mashine yetu nayo ingepangwa foleni ya kwenda maabara ya vipimo kama wengine.

Huko mbele ndo kuna vitu vitamu. Unazima taa zote, unamulika jiwe na urujuanimno ya mawimbi mafupi, halafu unaizima: nyingi za HPHT zinaendelea kuwaka zenyewe gizani, rangi ya bluu hivi, sekunde kadhaa zinafifia taratibu. Baadhi zina mabaki ya chuma ndani, ukizining'iniza kwenye uzi na kuzisogezea sumaku kali zinaifuata. Ya CVD kama yako tunaikamata kwa mistari mistari ya zile tabaka, inaonekana kwenye picha ya urujuanimno kama kingo za daftari. Kwa jicho tupu? Sahau. Anayekuambia anaijua kwa kuitazama tu anakuuzia maneno.

Sasa la kupigwa. Kama muuzaji alimwambia mchumba wako ni ya maabara na akalipa bei ya maabara, hamjapigwa, hiyo ni almasi, hata Tume ya Biashara ya Marekani mwaka 2018 iliondoa neno "asilia" kwenye maana yake ya almasi. Ila kama aliambiwa ya ardhini na akalipa bei ya ardhini, huo ni wizi na cheti ndo ushahidi wenu, kitunzeni. Kwenye bei mi huwa sirembi: za maabara zimeshuka vibaya na sababu ni nyepesi, kiwanda kikitaka nyingi kinaongeza mashine, China na India zimeongeza sana. De Beers wenyewe, hao waliojijenga kwa almasi za kuchimba, 2018 walianzisha Lightbox wakiuza za maabara dola 800 kwa karati, na 2025 walitangaza kuifunga. Kwa hiyo usiihesabu kama akiba. Ila na ya ardhini usidhani ukitoka nayo dukani unairudisha kwa bei uliyonunulia, muuzaji alishaweka faida yake juu, ukirudi kuuza ile faida haikuhusu.

Cha kufanya sasa, cheti kina namba, na mara nyingi namba hiyo imechorwa kwa leza kwenye mkanda wa jiwe, ule ukingo mwembamba unaolizunguka, unaisoma kwa lenzi inayokuza mara 10. Mwambie sonara akuonyeshe zifanane. Lakini namba kufanana hakumalizi kila kitu, GIA, ile taasisi ya Marekani inayopima mawe na kutoa vyeti, wameshakamata mawe ya maabara yaliyochorwa namba za mawe ya ardhini, ndo maana vipimo vya kwenye cheti, uzito na milimita, navyo vilinganishwe, na kwa uzito sahihi inabidi jiwe litolewe kwenye pete. Halafu vile vidogo vya pembeni, hivyo mara nyingi cheti hakivihusu kabisa, kinaongelea jiwe la kati peke yake, na ni humohumo kwenye vidogo ndo mchanganyiko unaingia, kwa sababu hakuna anayetaka kulipia kupima kimoja kimoja. Ukienda, waombe wavipime na hivyo.